Zege Kafa, Kiraka Kapona

Benchi liko nje ya duka langu la mikate, Nightcliff, hapa Darwin, kati ya mlango wangu na duka la kufulia nguo. Kahawa naichemsha mimi, Sevasti, kwa kijibirika cha shaba alichokuja nacho mama kutoka kisiwa cha Kalymnos, na wanaoinywa kila asubuhi ni watatu. Wa kwanza ni Yakoumis, tunamwita Mzamiaji kwa sababu baba yake alizamia lulu. Yeye mwenyewe maji yakimfika magotini anaita watu. Wa pili ni Anacleto, mzaliwa wa Timor, jina lake Redio, maana hana swichi ya kuzimia. Wa tatu ni Vern, aliyeendesha greda la barabara miaka thelathini na mmoja, basi naye ni Greda. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Ijumaa, mwezi wa Februari, mvua inaponda bati, joto limekaa shingoni kama taulo bichi, na jikoni kwangu ilikuwa inatokota sufuria kubwa ya ngano, ile tunayogawa kanisani kumkumbuka marehemu, kwa ajili ya arobaini ya Sakellaris. Arobaini yenyewe ilikuwa Jumapili.

Sakellaris alikuwa wa nne wa benchi hilo. Tulimwita Zege. Kazi yake ilikuwa kumwaga zege, na mwili wake ndivyo ulivyokuwa: miaka sitini na moja, shingo kama nguzo ya daraja, na sijawahi kumsikia akisema hata kichwa kinamgonga. Mdogo wake, Themelis, ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu wa kudumu. Kisukari, figo moja, goti la chuma, mapafu yaliyokaushwa na sigara. Amepasuliwa na kushonwa mara nyingi mpaka tukamwita Kiraka. Mwezi wa Januari mvua kubwa ilifurika ua wa Zege kule Humpty Doo, ndugu hao wawili wakachimba mtaro kutwa nzima, pekupeku, kisha wakaosha tope ukutani kwa pampu ya maji ya nguvu. Baada ya siku chache wote wawili walikuwa na ugonjwa wa tope. Madaktari wanauita melioidosi. Ni kijidudu kinachoishi udongoni. Mvua ikija kinapanda juu, kinaingia kwa mkwaruzo wa mguu au kwa pumzi, kinakwenda kukaa mapafuni. Kila masika kuna mtu wake. Kiraka tulishamzika mioyoni mwetu. Aliyekufa ni Zege.

— Mimi mpaka leo sielewi, alisema Redio, na kikombe chake kikiwa bado kimejaa. Tope moja. Siku moja. Koleo moja wanapokezana. Kobe kavuka barabara, lori limepinduka!

— Nimewaambieni, Greda alisema. Ile ardhi ya Humpty Doo si ardhi. Wakati wa vita kulikuwa na kambi pale. Walipoondoka walifukia mapipa. Mimi nimepita pale na greda mwaka wa themanini na moja, nikachota udongo, ukatoa moshi wa kijani.

— Juzi ulikuwa wa bluu.

— Ulikuwa unabadilika.

— Na pipa likamwona Zege, likamwacha Kiraka?

— Pipa halina macho, Redio. Zege alikuwa anavuta hewa nyingi. Kifua kile! Pumzi yake moja ni tatu za Kiraka. Kavuta sumu mara tatu.

— Acha kamba zako. Kwenye taarifa ya habari walisema ni upepo. Dhoruba inanyanyua wadudu kutoka udongoni, inawapeleka wanakotaka. Sasa mimi najiuliza: dhoruba ile ilitoka wapi? Baharini. Na baharini kuna nini? Meli. Na kwenye meli…

— Sasa unatupeleka wapi?

— Nawapeleka kwenye ukweli!

Mzamiaji alikuwa hajasema kitu. Mzamiaji akinyamaza, ujue anapika methali. Alifuta masharubu, akaweka kikombe chini.

— Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ndiyo maana mimi sivai fulana, alisema Greda.

— Nyamaza wewe. Nasema damu. Ndugu wa tumbo moja wana pumzi moja, wamegawana. Walipolala hospitali kila mmoja na mashine yake, pumzi ya wawili haikutosha. Mmoja kavuta ya mwenzake. Kiraka kaishi kwa pumzi ya Zege. Sisemi kafanya makusudi. Nasema kaivuta.

Nilitoka na kitambaa cha jikoni mkononi.

— Yakoumis, maneno hayo uliyasema pia wiki iliyopita. Mkeo akayabeba mpaka kanisani. Sasa unajua yamefika wapi?

— Yamefika wapi?

— Kwa Evdokia. Mjane wa watu. Juzi amemwambia Themelis asikanyage kwenye arobaini ya kaka yake. Kamfungia mlango. Kamwambia, "Umekula pumzi ya mume wangu." Kwa maneno yayo hayo!

Mzamiaji alishika kifua.

— Mama yangu wee! Kasema hivyo?

— Kasema ulivyosema.

— Lakini mimi nilikuwa naongea tu!

— Na yeye alikuwa anasikia tu.

Redio alipiga mluzi wa chini. Greda akatazama ndara zake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona wameshtuka kweli, na nikadhani hapo ndipo mshtuko wa siku hiyo umeishia. Kumbe tulikuwa hatujaanza.

Teksi ilisimama. Mlango ukafunguka, ikatoka fimbo kwanza, kisha mguu, kisha Themelis mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye gunia. Alikuwa amekonda mpaka shati lilikuwa linasimama peke yake. Kiunoni alikuwa amefunga mkoba mdogo. Ndani yake kuna kichupa cha dawa, na kutoka kwenye kichupa mrija mwembamba ulipanda ukaingia mkononi, juu ya kiwiko. Dawa ilikuwa inaingia kidogokidogo, mchana na usiku, awe amelala au anatembea.

— Mbona mmekaa kama picha? alisema. Mlikuwa mnanisema?

— Hatukuwa tunakusema, alisema Redio.

— Basi mnaumwa. Sevasti, dada yangu, nipe kahawa bila sukari. Na nipisheni, goti hili halisubiri.

Walimpisha. Walimpisha kupita kiasi, Greda akabaki na nusu ya tako hewani. Themelis aliona. Alikunywa mafunda mawili, akatoa bahasha mfukoni.

— Jana daktari kaniita. Daktari Nirmala, yule wa mapafu. Mnakumbuka tulipolazwa walituchukua damu, mimi na kaka? Kulikuwa na ya matibabu na kulikuwa na ya utafiti. Kaka yangu alitia saini mwenyewe, kabla hawajamlaza kwenye mashine. Majibu yametoka.

— Yanasemaje?

— Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mtoto. Akanieleza mara tatu. Sasa msinikatize, maana nikikatizwa napoteza.

— Hatukukatizi, alisema Redio, akimkatiza.

Themelis alivuta pumzi. Ilikuwa fupi, ikakwama katikati, akaisubiri.

— Kwenye mapafu, kila chembe ina vitu vimesimama juu yake. Vinaitwa vipokezi. Vidogo, huvioni. Unazaliwa navyo. Si chanjo iliyokupa, si ugonjwa wa utotoni uliokufundisha. Umekuja navyo tumboni mwa mama. Na kila kimoja kinajua jambo moja tu la bakteria. Hiki kinajua gamba lake. Kile kinajua mkia.

— Kijidudu kina mkia?

— Anaogelea nao.

— Kama mamba! alisema Greda, akafurahi sana.

— Kama mamba. Sasa kipokezi cha mkia kikiugusa mkia, kinapiga yowe. Askari wa damu wanakuja mbio, joto linapanda, maji yanamiminika, vita vinaanza.

— Safi kabisa, alisema Mzamiaji. Ndivyo nyumba inavyolindwa.

— Ndivyo. Sasa changu mimi cha mkia ni kibovu.

Tulimtazama.

— Kibovu vipi?

— Nimezaliwa nacho hivyo. Daktari anasema ni herufi moja tu imekosewa kwenye urithi wangu, basi mwili ukianza kukitengeneza unaishia njiani. Nusu kipokezi. Hakisikii. Wale wadudu walipita na mikia yao yote mapafuni mwangu, na chenyewe kimya.

Redio aliruka.

— Kiziwi! Lakini Themelis, basi wewe ndiye ungekufa! Mlinzi kiziwi, mwizi ndani!

— Ndivyo nilivyomwambia daktari. Nikamwambia, daktari, umeshika faili la mtu mwingine. Na kisukari changu, na figo yangu moja, na hicho nacho kibovu? Akaniambia, "Themelis, sikiliza. Vipokezi vingine unavyo na vilipiga kelele ya kutosha. Lakini kwa ugonjwa huu, mara nyingi kinachoua si mdudu peke yake. Ni wale walioitwa."

— Walioitwa na nani?

— Askari wako mwenyewe. Wanaitwa wengi mno, wanakuja hawajui kusimama. Wanakuja kuzima moto wanazamisha nyumba. Kipokezi cha kaka yangu kilikuwa kizima. Kizima kabisa, kimeandikwa humu. Kiliita, kikaita, kikaita. Walipompiga picha kifua siku ya pili, mapafu yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Hapakuwa na pa kuingiza hewa.

Nilisikia kahawa ikifurika jikoni, ikazima moto wa gesi. Sikuinuka.

— Unasema… alianza Mzamiaji, akaacha. Unasema Zege kauawa na nguvu zake?

— Sisemi mimi. Na daktari naye hasemi moja kwa moja. Kasema "huenda". Kasema wamewaona wagonjwa wengi wa tope, na wenye kipokezi kama changu wanaonekana kupona zaidi kuliko wenye kizima. Kwa mtu mmoja hawezi kuapa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mzamiaji polepole, kama mtu anayesoma kibao barabarani. Sasa hapa… asiyesikia ndiye kapona? Na aliyesikia…? Hapana. Hapana, bwana. Wazee walikosea?

— Wazee hawakuwa na hadubini, alisema Redio.

— Mimi nataka na changu kivunjwe, alisema Greda. Leo leo. Wanavunjia wapi?

— Hakivunjwi. Na daktari alicheka nilipomuuliza hivyo hivyo. Kasema upo ugonjwa mwingine wa mapafu, ule wa udongo wa mifuko ya maua na wa minara ya kupoozea maji. Ule ukija, mwenye kipokezi kiziwi kama mimi ndiye anayeugua upesi zaidi. Huku kinakufaa, kule kinakutupa.

— Basi ni bahati nasibu! Redio alisimama. Jamani, haya ndiyo mambo ya kutangazwa! Serikali ipime kila mtu. Wenye vipokezi viziwi, wote, wapewe koleo wachimbe mitaro ya nchi nzima. Wenye vizima wakae ndani mvua ikinyesha!

— Na wenye maua?

— Wenye maua wawape wenye vizima. Wabadilishane nyumba.

— Mamba anaishi topeni miaka sabini, alisema Greda. Hakohoi. Mmewahi kusikia mamba anakohoa? Mamba ana mkia, kijidudu kina mkia, wanaheshimiana. Yule mnyama hana kipokezi hata kimoja, naapa. Wachukue damu ya mamba.

— Hapo umechemka, alisema Mzamiaji. Jibu liko kwetu. Kina Themelis ni watu wa Kalymnos, kizazi hadi kizazi wanazamia sponji. Pima arobaini chini, pumzi imebanwa, maji yanakandamiza kifua. Vipokezi vya mababu vilipasuka huko chini! Themelis karithi vilivyopasuka!

— Na Zege? nilimuuliza. Karithi babu wa nani?



Walikuwa wanapiga kelele hizo zote na Themelis amekaa katikati, mikono juu ya fimbo, na mimi niliyesimama ndiye niliyeona kwamba machozi yanamtoka. Hakuwa analia kwa sauti. Yalikuwa yanashuka tu, yanaingia kwenye masharubu.

— Themelis, nilisema. Ndugu yangu.

Wote wakageuka.

— Miaka hamsini na saba, alisema. Miaka hamsini na saba mimi ndiye mbovu. Nikiwa darasa la pili kaka alinibeba mgongoni kwenda shule mwaka mzima, kwa ajili ya mguu. Alipoanza kazi alinilipia meno. Nilipopasuliwa figo alilala kwenye kiti siku tisa. Kila kitu kibovu nilichokuwa nacho yeye alisimama mbele yake. Na siku ile ya mtaro mimi nilitaka tuvae buti, akasema, "Buti za nini, tope hili nimelila tangu utoto." Nikavua na mimi, kwa sababu yeye amevua. Sasa mnaniambia kimoja nilichokuwa nacho kibovu, nisichokijua, ndicho… Na yeye hakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Nimemuuliza daktari: hata kimoja? Akasema hata kimoja. Nimwambie nini Evdokia? Nimwambie mumeo amekufa kwa uzima?

Greda alimwekea mkono begani. Ule mkono ni mkubwa, ulifunika bega lote.

— Mwambie hukula pumzi ya mtu, alisema Mzamiaji. Sauti ilimtoka nyembamba. Au… nitamwambia mimi. Nilianzisha mimi.

Themelis aligeuka, akamtazama.

— Ni wewe?

— Nilikuwa naongea tu.



Hapo ndipo tulipomwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, mlangoni mwa duka la kufulia nguo, mwavuli umefungwa unachuruzika maji. Sikujua amesimama pale tangu lini. Miaka thelathini na kitu, viatu vya watu wa kusini, wasiojua masika yetu, vimelowa. Alikuwa na shingo ile. Nikamjua kwa shingo.

— Wewe ni Kalotina, nilisema.

— Ndiyo, mama. Shikamoo.

Kalotina ni binti wa Zege, mwalimu huko Adelaide. Aliondoka hapa ana miaka kumi na saba, akaja kwa mazishi uso umefunikwa kitambaa cheusi, akarudi, sasa amekuja tena kwa arobaini. Wazee wa benchi walisimama wote watatu kumpa pole, wakagongana. Alizipokea pole. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Themelis, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akambusu mkono, ule wenye mrija.

— Baba mdogo. Daktari katupigia simu asubuhi. Kamweleza mama kila kitu. Mama hajakaa chini tangu hapo. Anakutaka. Kanituma nikulete, na kasema nisirudi bila wewe.

— Kasema hivyo?

— Kasema, "Mlete shemeji yangu, nimemwonea."

Themelis alificha uso kwa kiganja. Redio alipenga kamasi kwa kishindo. Nilikwenda ndani kumchukulia Kalotina kiti na kahawa, nikawasha gesi upya. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye nafasi ya baba yake, mwisho wa benchi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi, hakujua. Hakuna aliyemwambia.

— Nimesikia mliyokuwa mnayasema, alisema. Mamba na sponji.

— Tunatafuta sababu tu, binti yangu, alisema Redio. Mtu akifa namna ile, akili inatafuta.

— Hata mimi inatafuta. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimuuliza daktari swali moja: baba mdogo aliingia hospitali Jumatatu, baba Ijumaa. Je, siku hizo nne zina uzito gani? Akasema vipokezi ni nusu ya habari. Akasema dawa ikiwahi, hata mwili unaopiga kelele nyingi una nafasi. Hakutaka kusema zaidi, alikuwa ananihurumia. Baba mdogo aliwahi kwa sababu ana kisukari, nesi wa kliniki alishamwonya: homa yoyote ya masika, njoo. Sivyo?

— Ndivyo, alisema Themelis. Jumatatu jioni nilikuwa nimeshalazwa usingizi. Sikujua kitu tena.

— Sasa Jumanne baba alipokuja kukutazama, nesi wa wodi alimsikia anakohoa. Akamwambia, "Mzee, na wewe pima leo hii hii." Najua kwa sababu baba alinipigia simu akitoka hospitali. Nikamwambia, basi rudi ndani upime. Akasema, "Ngoja kwanza nikanywe kahawa, niwaulize wenzangu kijiweni wanaonaje." Hakukata simu njia nzima, mpaka nikasikia mlango wa gari. Kisha nikamsikia anawasalimia ninyi. Halafu akakata.

Mvua ilikuwa imepungua. Kwenye duka la kufulia nguo mashine moja ilikuwa inazunguka.

— Aliwauliza?

— Aliuliza, nilisema mimi.

— Mlimwambia nini?

Hakuuliza kwa ukali. Nadhani ni tabia ya ualimu: aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akasubiri. Alimtazama Greda, akamtazama Redio, akamtazama Mzamiaji, kila mmoja kwa zamu yake, akanitazama mimi. Hakuna aliyejibu. Na si kwamba tulikuwa tumesahau.

Sikuwaelezeni hili mwanzo kwa sababu naona haya. Zege alikaa kwenye benchi hilo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alikuwa anakohoa, jasho linamtoka, hata koti la mvua hakuvua. Jumanne alisema, "Nesi anataka nipime, mnaonaje?" Redio alisema ni mafua, yametangazwa, mji mzima unayo. Greda alimpa sigara, akasema moshi unakausha. Mzamiaji alisema, "Chuma nacho kimeanza kushika kutu?" tukacheka, na Zege alicheka kuliko sote, mpaka akashika benchi. Mimi nilimpa maji ya moto, limau na asali. Nikamwambia, "Hospitali waache wagonjwa, Sakellaris, wewe una nini?" Kauli hiyo ni yangu. Nilimfungia na mkate wa kwenda nao nyumbani.

Na Kiraka tulijua amelazwa. Tulisema ni sigara zake.

Kalotina alisubiri muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu anavyoweza kusubiri. Kisha akaweka kikombe chini, hakikuguswa.

— Haya, alisema. Baba mdogo, twende. Mama anangoja.

Walimsaidia kumwinua Themelis. Mzamiaji alimshikia mkoba wa dawa mpaka kwenye gari, akiwa ameinama, mrija usivutike. Pale mlangoni alisema kitu, sikukisikia. Themelis alitikisa kichwa, sijui ni kukubali au ni kukataa. Kalotina alirudi hatua mbili akaniuliza ngano itakuwa tayari saa ngapi Jumapili. Nikamwambia nitaileta mwenyewe. Akasema, "Asante, mama," na ile "mama" ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Gari liliondoka. Tukakaa, nami nikakaa, jambo ambalo silifanyi saa za kazi. Redio hakuwa na habari ya kutangaza. Wateja wawili waliingia dukani wakatoka bila kuhudumiwa.

Greda akakohoa.

Si kikohozi cha maana. Kimoja, cha juu, akijaribu kukimeza.

Mzamiaji aligeuza shingo. Mimi niligeuza shingo. Redio alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi.

— Nini? alisema Greda. Mbona mnanitazama? Ni sigara.

— Panda gari, alisema Redio.

— Jamani, nimepaliwa na kahawa tu!

— Jana ulikuwa wapi? nilimuuliza.

— Nyumbani. Nilikuwa nazibua mfereji wa nyuma, maji yalikuwa yamesimama…

Akaacha. Akatazama chini, kwenye ndara zake, na kwenye vidole vya miguu ambavyo tope la jana lilikuwa bado limekaukia kwenye kucha.

— Vern, alisema Mzamiaji, na tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Panda gari, mzee wangu.